Muhuri na Gunzi

Jumatatu, adhana ya alfajiri bado, uani mwa nyumba moja Jomvu Kuu. Maji yamekupwa kwenye hori ya Tudor na harufu ya tope la mikoko imepanda mpaka barazani. Chini ya mwembe imeegeshwa Probox iliyokuwa nyeupe hadi Ijumaa. Kando ya bomba umesimama mtungi wa manjano wa lita 20, umezibwa kwa gunzi la hindi kwa kuwa kifuniko chake kilipotea siku nyingi.

MTUNGI: Karibu, mwanangu. Mbona umepakwa hina kama bi harusi?

PROBOX: Shikamoo, Bi Mtungi. Si hina, ni vumbi la Tsavo. Kijana wa nyumba hii amekataza nisioshwe mpaka Ijumaa, mtaa mzima uone.

MTUNGI: Marahaba. Na hayo maji ya kukuosha angeyatoa wapi? Bomba hili tangu Jumatano linapumua tu. Haya, nipe habari. Jumamosi aliondoka usiku wa manane, hata chai hakunywa.

PROBOX: Saa tisa. Alitaka tupite Mariakani kabla malori hayajaamka. Kumbe malori hayalali! Kutoka Miritini hadi Mazeras nilikuwa nyuma ya trela moja la makontena, navuta moshi wake tu. Lakini mbuga ilipofunguliwa saa kumi na mbili, sisi tuko mlangoni Voi.

MTUNGI: Watu wangapi?

PROBOX: Yeye na mimi. Anasema hiyo ni safari ya peke yake, ya kuitafuta nafsi yake.

MTUNGI: Nafsi yake aliiacha hapo dukani, kwenye daftari la madeni. Si angeuliza tu! Na shangazi yake wa Voi alimpitia? Mama alikesha akikaanga mahamri ya kumpelekea.

PROBOX: Mahamri yamo nyuma, chini ya spea.

MTUNGI: Mpaka sasa?

PROBOX: Yameshakuwa kokoto. Yanagongana kila nikipiga tuta. Kwa shangazi ni dakika chache tu kutoka barabarani, lakini shangazi si mbuga ya kitaifa. Hayumo kwenye orodha.

MTUNGI: Lahaula! Haya, mkaingia. Mkaona nini?

PROBOX: Kwanza picha ya kibao. Sasa yuko peke yake, nani amshikie simu? Akaiegemeza kwenye waipa yangu, akaitega sekunde kumi, akatimua mbio akasimame chini ya kibao. Simu ikaanguka kifudifudi. Mara ya nne ndipo ilipokubali, na katika picha hiyo anahema kama aliyefukuzwa na kifaru. Halafu akarudi kitini, akafungua daftari juu ya usukani, akagonga muhuri.

MTUNGI: Muhuri wa nani?

PROBOX: Wake mwenyewe. Huna habari? Aliona kwenye simu kwamba Wamarekani wana mbuga za kitaifa 63, na kuna kijitabu mfano wa pasipoti. Kila mbuga unayofika unagonga muhuri wenye tarehe. Wanacho tangu 1986. Hapa kwetu unalipa kwa simu, noti hawazitaki, unapata risiti, basi. Risiti haimpi raha. Akaenda mjini kwa wachonga mihuri, akachongewa pembe mbili zilizopandana kama zile za Moi Avenue, na tarehe katikati. Wino wa zambarau. Ila kile kigurudumu cha mwezi kimekwama. Kwa daftari lile, kila mbuga aliitembelea Februari.

MTUNGI: Na tembo je?

PROBOX: Tulimwona mmoja. Kwa nyuma. Mwekundu kama mimi hivi, anajimwagia udongo mgongoni. Kijana akatazama saa, akasema tukimngoja ageuke tutachelewa Tsavo Magharibi.

MTUNGI: Maskini tembo, hakupewa ratiba.

PROBOX: Ratiba ndiyo safari, Bi Mtungi. Tsavo ilipotengwa mwaka 1948 ilikuwa mbuga moja. Baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi, reli na barabara zikabaki katikati. Kwa mkusanyaji hiyo ni neema iliyoje! Ardhi moja, mihuri miwili. Njia nzima alikuwa akiwaombea dua waliogawa.

MTUNGI: Basi madereva wa malori ndio matajiri wa mihuri. Kila wiki wanapita hapo katikati, tembo wanawaona dirishani bure.

PROBOX: Kupita si kutembelea.

MTUNGI: Nyinyi mlitembelea muda gani?

PROBOX: Mashariki, saa moja na robo.

MTUNGI: Hata wali wa nazi haujaiva.

PROBOX: Huko Magharibi tungekaa zaidi, lakini Manyani nilipata pancha. Jeki ipo, spana ipo, mtu wa pili wa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu hayupo. Tukangoja hadi akapita mchunga mbuzi. Magharibi tukaingia kwa upande wa Mtito Andei saa tisa alasiri, na saa kumi na mbili wanafunga. Mle ndani hupiti kilomita 40 kwa saa. Tukala vumbi, tukagonga muhuri, tukatoka.

MTUNGI: Simba?

PROBOX: Simba wa Tsavo wenyewe, wale wala watu wa 1898 waliosimamisha ujenzi wa reli, wako Chicago, wamejazwa pamba ndani ya makumbusho. Nilimsikia akisema makumbusho hayo nayo atayahesabu siku akienda.

MTUNGI: Nisaidie hesabu yake, maana mimi sikusoma. Shimba Hills alikwenda mwezi jana. Alirudi hapa macho yanang'aa, anamsimulia mama habari za palahala, mnyama mweusi, pembe zimepinda nyuma kama upanga wa Manga. Hiyo ni ya ngapi?

PROBOX: Ameifuta.

MTUNGI: Ameifuta nini?

PROBOX: Ukurasa mzima. Aligundua kuwa Shimba ni hifadhi ya kitaifa, si mbuga ya kitaifa. Akapiga mstari kwa rula.

MTUNGI: Na palahala, ambaye Kenya hii hana kwao kwingine?

PROBOX: Kapigwa mstari pamoja nayo. Hata Maasai Mara haitaki. Ile ni hifadhi, iko chini ya kaunti ya Narok. Wazungu wanavuka bahari kuiona, yeye anasema haina faida.

MTUNGI: Kwa hiyo wa tatu aliupata wapi? Nilimsikia akijisifu kwa simu kuwa anayo mihuri mitatu.

PROBOX: Bamburi. Mbuga ya Bahari ya Mombasa, kilomita mraba 10, ilitangazwa 1986, mwaka ule ule wa kijitabu cha Wamarekani. Hilo analiona kama ishara. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akagonga. Kijana mmoja wa mashua akamwambia, bro, mbuga yenyewe iko kule mbele kwenye matumbawe, panda nikupeleke. Akajibu kwamba maji ya kule na haya yaliyomshika magoti ni maji yale yale.

MTUNGI: Alisema hivyo?

PROBOX: Kwa kinywa chake.

MTUNGI: Basi mimi niko Tsavo Magharibi.

PROBOX: Jua halijatoka, Bi Mtungi, na wewe umeshapata kizunguzungu.

MTUNGI: Sikiliza. Mvua inanyesha vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini, inakuja kuchimbuka Mzima, ndani ya mbuga yenu hiyo. Kiboko anaoga, mamba anaota jua. Kisha kuna bomba, lilijengwa miaka ya 1950, linayachukua maji hayo zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Mnaipita Maungu, Taru, Samburu, bomba nalo linakuja. Maji ni yale yale! Nyinyi mmechoma petroli kuifuata Tsavo. Mimi nimesimama hapa na gunzi langu, Tsavo inakuja yenyewe inaniingia kinywani. Mzima mlifika?

PROBOX: Kutoka Mtito ni kilomita 50 hivi. Tuliona kibao kinachoonyesha njia.

MTUNGI: Na?

PROBOX: Akakipiga picha.

MTUNGI: (Anacheka mpaka gunzi linatikisika.) Kibao!

PROBOX: Cheka tu. Lakini nami nikuulize kwa adabu. Mwezi huu Tsavo imekuingia kinywani mara ngapi?

MTUNGI: Imekuja… imekuja.

PROBOX: Mara ngapi, mama?

MTUNGI: Mbili.

PROBOX: Na siku zilizobaki?

MTUNGI: Za mkokoteni. Maji ya kisima.

PROBOX: Yana ladha gani?

MTUNGI: Wewe gari, una adabu ya bandarini. Chumvi! Hata sabuni haitoi povu. Umefurahi?

PROBOX: Sijafurahi. Nasema tu kwamba wewe una mbili na sisi wikendi hii tumepata miwili. Tuko sare. Na lile bomba la pili la Mzima linalozungumzwa miaka nenda miaka rudi nalo utalihesabu?

MTUNGI: Nikilihesabu nitakuwa kama bwana wako, napiga picha kibao.

*Bomba linakohoa. Linapiga mluzi, linatema kutu, kisha uzi mwembamba wa maji unaanza kushuka. Mama mwenye nyumba anatoka mbio na kanga moja, anamvuta Mtungi chini ya bomba, anachuchumaa. Dakika ishirini hasemi na mtu. Mtungi ukijaa anarudisha gunzi. Linapwaya, maji yanachuruzika. Mama anatazama huku na huku, anafungua mlango wa Probox, anatoa daftari lililo juu ya dashibodi, anachana ukurasa mmoja bila kuusoma, analizungushia gunzi na kulikandamiza kwa kiganja.*

MTUNGI: Limenikaa barabara. Karatasi gani hii?

PROBOX: Ina nini?

MTUNGI: Sioni vizuri. Kuna pembe mbili, za zambarau.

PROBOX: Zimeandikwa nini chini?

MTUNGI: Tsavo Mag… Ngoja. Imeanza kulowa.