Sifa za Bolti ya Kikanyagio

Wanaosifu wafalme na waendelee. Mimi leo naisifu bolti ya kikanyagio cha abiria, ile ya kulia, iliyojibanza nyuma ya ekzosi ya pikipiki yangu hapa Mbagala.

Sifa zake ndogondogo nizipitie haraka: haili, haikopi, haipigi simu usiku wa manane kuomba ya kutolea. Sifa yake kuu ni msimamo. Yenyewe ni ya chuma, imefungwa kwenye mkono wa alumini, na madini haya mawili yakilowa pamoja kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam huanza kulana. Ungaunga mweupe wa kulana kwao hujaa kwenye meno ya bolti, na hapo ndoa imefungwa, talaka hakuna. Imwagie dizeli, uiache ilale nayo: asubuhi inang'aa, imenawiri, na haijasogea. Ipashe moto: alumini hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo kwa hesabu za darasani ilipaswa kulegea. Bahati mbaya haikusoma. Ipige nyundo, itaviringisha kichwa chake kiwe kama kitufe, spana ikose pa kushika. Wabunge wanahama vyama, makocha wanatimuliwa kabla ya msimu kwisha, bolti ipo palepale.

Na spana yenyewe! Ubavuni imechorwa maandishi ya chuma bora, muuzaji akala kiapo, kumbe ni bati lililopakwa rangi ya fedha. Imeachama mdomo siku ya kwanza. Watu wanauza takataka, wanakuangalia usoni, na risiti hawatoi.

Tuendelee na sifa. Mkono ule ule wa kikanyagio ndio uliobeba ekzosi. Ukiukata wote kwa hasira, ekzosi itaning'inia mpaka chini. Kwa hiyo bolti imejiwekea mateka, jambo la busara.

Mtu atauliza: kwani kikanyagio kimekukosea nini? Hakijanikosea chochote. Walionikosea ni wanaokikanyaga. Jirani anasema nimsogeze hapo mbele, na hapo mbele ni Kariakoo. Binamu anakuja na kuku wawili na mtoto, tunageuka mshikaki barabarani. Askari akitusimamisha, abiria wangu anashuka, anajifuta vumbi, anadandia daladala. Anayebaki kutoa maelezo ni mimi. Akijiunguza kigimbi kwenye ekzosi, ukoo mzima unanidai pole. Bei ya petroli hajaiuliza mtu hata mmoja. Halafu eti mimi ndiye mchoyo! Ningeweza kusema hapana, lakini kumwambia shemeji hapana kunahitaji spana ambayo haijatengenezwa bado.

Ndiyo maana nikaamua vikanyagio viondoke, kimyakimya, nyumbani, ili lawama ziiendee pikipiki. Cha kushoto kilitoka bila ubishi, kwa adabu kabisa. Cha kulia ndicho hicho.

Shemeji alipita nikiwa bado nimechuchumaa pale, mikono myeusi kwa oili. Aliikagua pikipiki kushoto, akaizunguka, akakiona kilichobaki, akakitikisa kwa mguu. Kigumu.

"Kimoja kinanitosha," akasema, akiinua kikapu. "Mimi nakaa upande."