Barua ya Wazi kwa Kamati ya Misheni: Wageni Wamefika Salama, Sisi Ndio Tumechoka

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Misheni,
Usharika Rafiki,
Marekani.



YAH: SIKU ZA KWANZA ZA VIJANA WENU WA KUJITOLEA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya Kamati ya Mapokezi ya usharika wetu hapa Marangu, nawajulisha kwamba vijana wenu walitua KIA usiku, wote wazima, na hadi naandika barua hii hakuna aliyeumwa na mbu. Mbu wenyewe huku mlimani mwezi wa Juni ni wa kutafuta kwa tochi, maana ni baridi. Orodha yenu ya maandalizi ilisema wanakwenda nchi ya joto, kwa hiyo vijana wamekuja na kaptura. Akina mama wamepita nyumba kwa nyumba wakiwakusanyia masweta. Naomba iingie kwenye kumbukumbu zenu kwamba msaada wa kwanza wa nguo katika ziara hii umetoka Marangu kwenda Marekani.

Niseme kidogo kuhusu sheria, kwa kuwa mlisisitiza uwazi. Vijana wameingia kwa viza ya utalii, ile ya dola 100 wanayolipa Wamarekani. Viza hiyo haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata iwe ya bure. Anayekuja kujitolea anatakiwa awe na kibali. Wazee wa kanisa waliingiwa na hofu. Tukaitisha kikao, tukapitia yote yaliyofanyika tangu vijana wafike, tukaridhika kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Kazi bado haijafanyika.

Ratiba yenu ilisema Jumanne asubuhi vijana wafundishe Kiingereza shule ya msingi. Wazo zuri. Ila ni katikati ya Juni, shule zimefungwa kwa likizo. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amekwenda kwao Same kumwona mama yake mgonjwa, alirudishwa kwa simu. Watoto wakaitwa majumbani, wakafuliwa sare, wakaketi wamenyooka kama siku ya mkaguzi. Vijana wakawafundisha wimbo wa kutaja viungo vya mwili. Watoto wa darasa la tano wanaujua wimbo huo tangu chekechea, lakini wamelelewa vizuri: walijifanya hawaujui, wakakosea kwa makusudi, kisha wakaupata, na binti mmoja wenu akatokwa machozi ya furaha. Mwalimu Mkuu anasema hajawahi kuona darasa likimfundisha mwalimu kwa upole kiasi kile.

Kuna suala la picha pia. Mama mmoja ameuliza picha ya mwanawe mwenye kamasi imekwenda wapi. Mtoto huyo baba yake ni fundi cherehani, viatu anavyo, na siku hiyo alikuwa na mafua. Ikiwa picha imeshafika kwenye ubao wenu wa matangazo, tunaomba maelezo yake yataje mafua.

Sasa ujenzi, na hapa mniwie radhi nitasema kwa kirefu. Darasa letu lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Fundi aliwagawa vijana: hawa wachanganye udongo, hawa wabebe tofali, hawa wasimame kwanza waangalie. Wote wakaanza kujenga. Ilipofika saa nne wakapumzika kunywa maji na kupaka dawa ya kuzuia jua, ingawa jua lenyewe halijaonekana wiki nzima. Fundi akatoa timazi, akaiteremsha ukutani, akaitazama kwa muda, akairudisha mfukoni bila kusema neno. Mgeni hasemwi.

Lakini kuna watu wawili ambao ripoti yenu haitawataja. Ni saidia fundi wetu, wanaolipwa kwa siku. Waliambiwa wakae nyumbani kipindi chote cha ziara, kwa sababu vijana wangefanya kazi yao bure. Mmoja wao ana watoto wawili sekondari. Bure hiyo anailipa yeye. Na akina mama wanaowapikia vijana wenu mara tatu kwa siku, chakula kisicho na pilipili, kisicho na maziwa, na maji yaliyochemshwa mara mbili, hawajakata majani ya ng'ombe wao tangu Jumapili. Wanawalipa watoto wa jirani wawakatie. Nimejaribu kuhesabu nani hasa anajitolea katika ziara hii, na kila nikihesabu majina yanatoka upande huu.

Ndugu zangu, huku mikono haijawahi kupungua. Kabla mmisionari Johannes Rebmann hajauona mlima huu mwaka 1848, wazee wetu walikuwa wamekwisha kuchimba mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi migombani, na kila mfongo ulikuwa na watu wake wa kuusafisha. Kazi ya namna hiyo tunaiita msaragambo, na hadi leo asiyetokea anatozwa faini. Hakuna fulana. Hakuna picha ya pamoja. Jioni hakuna anayeketi kwenye duara kueleza jinsi moyo wake ulivyoguswa na mtaro. Madarasa mengi nchini yameanza hivyohivyo: wananchi wanainua boma kwa nguvu zao, kisha wanangoja fedha ya kuezeka. Linalosimama bila kuisha huwa limekosa bati, mbao na saruji. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, sehemu yake ikaelekezwa kwenye madarasa 15,000, yakajengwa ndani ya miezi michache kwa fosi akaunti, na mafundi walipatikana palepale mitaani na vijijini. Sikusikia mkoa hata mmoja ukiomba wanafunzi wa ng'ambo waje kubeba tofali.

Kwa bei za maduka ya vifaa hapo Himo, nauli ya kijana mmoja kutoka kwenu hadi KIA inanunua zaidi ya mifuko 100 ya saruji. Sisemi zaidi.

Kuhusu masanduku ya fulana mliyotuletea: tumeyapokea kwa shukrani. Soko la Memorial pale Moshi lina fulana nyingi za Marekani kuliko Marekani yenyewe, lakini hatukutaka kuwavunja moyo. Jumapili baada ya ibada tulizinadi pamoja na mikungu ya ndizi na mayai, kama tufanyavyo na sadaka zote. Mkungu mmoja ulipata bei kubwa kuliko fulana tano. Fedha yote imekwenda kwenye misumari.

Msije mkadhani hatuwataki Wamarekani. Kundi la kwanza la Peace Corps lililokuja Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, na walifundishwa Kiswahili kabla ya kupanda ndege. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa wataalamu hao, wakaja, wakafanya kazi. Mkiwa na daktari bingwa wa usingizi anayeweza kukaa mwaka mmoja, mleteni na vibali vyake, sweta tutampa.

Hawa wengine, wenye miaka kumi na saba na mioyo mizuri, wafuate ushauri wa padri Ivan Illich. Mwaka 1968 aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea Mexico kwamba waende kutembea, wapande milima, wafurahie maua, wajifunze, ila wasiende kusaidia. Sisi mlima tunao. Lango la Marangu liko juu kidogo ya kanisa. Waje walipe kiingilio, wamlipe mwongoza watalii na wapagazi wao ujira wa haki, wale mtori, wakae na wazee wajifunze maji ya mfongo yanavyogawanywa bila mahakama. Watakuwa wageni, na mgeni kwetu ana heshima kubwa kuliko msaidizi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa mwakani. Kabla hamjapanga ratiba, tuandikieni mtuulize tunahitaji nini na shule zinafunguliwa lini. Na ile fedha ya nauli, angalau ya vijana wawili, itumeni kwenye akaunti ya ujenzi wa darasa. Risiti tutawatumia, na picha ya ukuta ulionyooka.

Wenu katika shamba la Bwana,

Katibu,
Kamati ya Mapokezi.

Nakala:
Mwalimu Mkuu – unaweza kurudi Same.
Fundi – wageni wanakwenda Ngorongoro Ijumaa. Waite saidia fundi wako wote wawili, na mje na nyundo.