Mapumziko Penye Mosi-oa-Tunya

Msafara wa baiskeli wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 na ambao hutoka Cairo hadi Cape Town kwa takriban miezi minne, hutua pia penye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao, ambayo David Livingstone aliyafikia mwaka 1855 na kuyapachika jina la malkia wake, ingawa hakuna mwenyeji aliyekuwa ameomba jina la pili. Hapo waendeshaji hupewa siku ya mapumziko, yaani siku isiyo na kilomita za kutimiza. Lakini waliolipa maelfu ya dola ili wachoke hawapumziki kirahisi, hivyo baadhi yao hulipa tena ili wajirushe, miguu ikiwa imefungwa kamba, kutoka kwenye daraja la mwaka 1905 lililo zaidi ya mita 100 juu ya Zambezi. Kwa kuwa safari huanza Januari, wageni hawa huwasili mto ukikaribia kufurika au umekwisha kufurika, na manyunyu huwa mazito kiasi kwamba ukuta wa maji wenye upana wa mita zipatazo 1,700 huweza kusikika bila kuonekana. Wamevuka zaidi ya nusu ya bara kwa nguvu za miguu yao, wakaoneshwa ukungu.

Katika barabara za Zambia, ambazo msafara huo huzipitia, hupita pia wauza mkaa, ambao hurundika magunia juu ya baiskeli za gia moja, bila lori la kuwabebea mizigo wala medali ya kuwangoja mjini. Hao hakuna awaitaye mashujaa wa ustahimilivu, na ratiba yao haina siku ya mapumziko.