Namna ya Kupima Urahisi wa Kitu Ukiwa Ziba

Umetengeneza programu ya simu, fomu ya mkopo au bomba la maji la kulipia kwa kadi, na wenzako ofisini wamekuhakikishia kwamba ni rahisi mno. Panda basi uje Ziba, wilayani Igunga. Hatua ni sita, na ngumu kuliko zote ni kunyamaza.

1. Salimia, lakini swali lako libaki mfukoni. Ukishasema "Mwangaluka, mayu," utaletewa kigoda kabla hujataja kilichokuleta. Ukiuliza sasa, "Kitu changu ni rahisi?" utajibiwa, "Kizuri sana, baba." Hapo umepima adabu ya mwenyeji. Mgeni aliyetoka mbali hasemwi vibaya mbele ya uso wake.

2. Mpe kazi, usimpe maelezo. Usiseme "bonyeza hapa." Sema, "Mayu, naomba uingize umeme wa shilingi elfu mbili," kisha ufunge mdomo. Kidole chako kikitamani kusaidia, kikalie.

3. Tazama mikono. Mama niliyemtazama alishika simu ya kitochi mkono wa kushoto, wa kulia ukibonyeza mita ya umeme. Tarakimu ni 20. Alipofika ya nane kioo cha simu kikazima. Akakiwasha, akatafuta alipoishia, akapotea, akaanza upya. Mara ya pili akamwita mwanawe amsomee nne nne kwa sauti, kama watu wanaohesabu madebe ya mpunga. Mita ikakubali. Nikamuuliza kama kulikuwa na shida. "Hapana, baba, hakuna shida." Daftari langu lilisema majaribio mawili, na mtu wa pili kuitwa. Daftari ndilo la kuaminiwa.

Mwaka 2024 kazi hiyo iliongezeka. Hesabu ya muda iliyomo ndani ya mita za aina hii, duniani kote, ilikuwa inafika ukingoni tarehe 24 Novemba, hivyo wenye mita za LUKU wakatakiwa kuziboresha. Walipewa makundi matatu ya tarakimu 20, na yote yalitakiwa kuingizwa kwa mpangilio. Ni tarakimu 60 kwa mkono mmoja. Ukitaka kujua uzito wake, ziingize mwenyewe ukiwa umebeba mtoto.

4. Baada ya kutazama, ndipo utoe maswali. Mwaka 1986 Mwingereza John Brooke alitunga kipimo cha sentensi 10 ambacho hadi leo kinatumika kila mahali. Mtumiaji anatoa alama 1 hadi 5, toka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Sentensi za namba witiri zinasifu, za namba shufwa zinalaumu. Kwa zile za witiri, toa 1 kwenye alama yake. Kwa zile za shufwa, toa alama yake kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5, utapata kati ya 0 na 100. Tafiti nyingi zimeuweka wastani kwenye 68. Kwa hiyo ukipata 60 usishangilie kama mwanafunzi aliyefaulu. Uko chini ya wastani.

5. Chunga tafsiri. Muulize Mswahili, "Hukupata shida?" Atajibu, "Ndiyo," akimaanisha, "Ndiyo, sikupata." Karani asiye makini ataandika kwamba alipata. Sentensi za kulaumu ziandike bila kikanusho: badala ya "haikuwa rahisi," andika "ilinisumbua." Asiyezoea kuzungushia namba kwa kalamu, mpe punje tano za mahindi; nyingi akikubali, moja akikataa.

6. Akikitumia kivyake, mfuate. Mwaka 2005 M-Pesa ilipojaribiwa Kenya, ilikusudiwa watu warejeshee mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakisimamia jaribio hawakuwakemea. Machi 2007 huduma ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Watu wa nchi hii ya Unyamwezi wanaujua upimaji huu tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wao walibeba bidhaa kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kitambaa kilikazwa kuwa mtumba mrefu mwembamba unaokaa begani, na neno hilo mtumba tunalo mpaka leo kwenye nguo za sokoni. Safari ilikuwa ya miezi. Mzigo uliofungwa vibaya ulijulikana siku ya kwanza, na uliofunguliwa na kufungwa upya ni mzigo. Bega lilibaki bega.

Basi fanya hivyo hivyo. Mama wa Ziba akikwama, usiandike kwamba hajasoma, wala usimpangie semina. Andika mahali kitu chako kilipomkwamisha, rudi nacho ofisini, kirekebishe, kisha urudi Ziba ukampe tena. Kigoda kitakuwapo.