Tangi la Shemeji

Katika vyombo vyote vinavyomsaidia mwanadamu kwenda mbio, hakuna kinachodharauliwa kama tangi la mafuta. Mashine husifiwa, huoshwa kwa maji baridi na hufunikwa turubai jioni. Nahodha husifiwa kwa ushujaa wake hata pale ambapo ushujaa wenyewe ni upungufu wa akili tu. Walakini tangi, ambalo pasi nalo mashine ni chuma na nahodha ni abiria, hutupwa chini ya ubao wa tezi pamoja na kata ya kufulia maji na vichwa vya samaki, lisikumbukwe mpaka siku linapovuja. Nasema haya kwa kuwa katika mji wetu wa Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, alitokea mtu aliyelipa tangi heshima yake kamili, na zaidi ya kamili; na mtu huyo, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, ni ndugu wa mke wangu.

Shemeji huyu ana simu, na katika simu hiyo alikuwa ameona yale magari ya Marekani yanayoshindana mawili mawili katika njia iliyonyooka, ambayo masafa yake ya asili ni robo maili, yaani mita 402, lakini yaliyo na nguvu kupita yote siku hizi hukomeshwa kwenye mita 305, kwa sababu yanapofika hapo huwa yamekwisha kupita mwendo wa kilomita 500 kwa saa, katika muda usiotimia sekunde 4. Mtu mwingine angalistaajabia ndimi za moto zitokazo mabombani. Shemeji alistaajabia tangi. Alinijia barazani baada ya Alasiri, akaniwekea kioo chake chenye nyufa mbele ya macho, akasema, "Shemeji, tazama wenzetu wanavyoyaheshimu mafuta."

Na haki isemwe: aliyonihadithia yalikuwa kweli. Mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa msiba katika mashindano ya magari huko Marekani. Mwezi wa Mei madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald walikufa katika ajali ya moto wa petroli huko Indianapolis, na siku chache kabla yao Fireball Roberts aliungua huko Charlotte, naye akafariki mwezi wa Julai. Ndipo mafundi walipofanya bidii ya kutengeneza tangi ambalo ndani ya sanduku la chuma lina mfuko wa mpira mgumu usiochanika upesi, na ndani ya mfuko mna sponji yenye matundu mengi, isiyodhurika kwa petroli, inayoyazuia mafuta yasitapetape. Juu yake pana njia ya pumzi, ambayo huingiza hewa wakati wote na hujifunga gari linapopinduka. Fauka ya hayo, mdomo wa kunyonyea huwekwa upande wa nyuma, kwa kuwa gari linapochomoka mafuta yote hukimbilia nyuma. Hiyo ndiyo hekima ya tangi hilo, nami nimeieleza kwa tafsili ili msomaji apime mwenyewe ni kiasi gani kilichovuka bahari kikatufikia salama.

Amma sisi, mashine zetu za kufunga tezini hunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, sehemu 1 kwa 50, na petroli yenyewe hununuliwa kwa chupa kando ya njia, au kwa dumu la manjano ambalo katika ujana wake lilichukua mafuta ya kupikia. Mgeni huona ajabu, kwa kuwa chini ya bahari hii hii imegunduliwa tangu mwaka 2010 gesi nyingi mno, na tangu Novemba 2022 shehena zake husafirishwa kutoka kiwanda kinachoelea cha Coral Sul. Meli zinaondoka na neema yake, nasi tunaondoka kwenda kumwuliza mama wa chupa kama leo anayo petroli isiyotiwa maji. Tena tangu Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa, na watu wengi wakakimbilia mji wa Pemba kwa njia ya bahari, hakuna hapa anayeona mashua kuwa kitu cha mchezo. Na labda ndiyo sababu, tulipojaliwa Idi yenye utulivu, vijana walitamani sana kuzichezea. Waliafikiana washindane siku ya pili yake, kutoka ufukoni hadi kwenye jahazi lililotia nanga, masafa ambayo shemeji aliyapima kwa kamba ya mshipi akatoa hukumu kwamba ni robo maili, kana kwamba wazee waliotia nanga pale walikwisha andikiana barua na Wamarekani.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa kulehemu ambaye kazi yake ya kila siku ni majiko na masanduku. Alikata bati jembamba, akalikunja kwa ustadi, na nakiri kuwa sanduku lilipendeza. Nilipomwuliza habari ya tundu la pumzi, alinitazama kwa huruma.

"Pumzi ya nini, Mwalimu? Pumzi ndipo pa kuvujia. Shemeji yako amesema la Marekani halivuji hata likipinduka."

"Halivuji," shemeji akathibitisha.

Mdomo wa kunyonyea aliulehemu upande wa omo, kwa hoja kwamba kichwa cha kitu chochote huwa mbele. Mfuko wa mpira haukupatikana. Mintarafu ya sponji, siku ile ile godoro la wageni lilitoweka nyumbani kwangu. Mke wangu alinijia na foronya mkononi akauliza, "Baba watoto, godoro liko wapi?" nami, kwa kuwa mwizi ni nduguye na si wangu, nilimwelekeza mahali panapostahili. Alimkuta nduguye anakatakata sponji vipande vya mraba kwa kisu cha samaki. Yaliyosemwa hapo ni mali ya ukoo.

Siku ya mashindano mashua zilikuwa mbili. Mpinzani wetu alikuwa kijana mvuvi, na tangi lake lilikuwa dumu la manjano lililopakatwa na mdogo wake, kifuniko kimelegezwa, mpira wa mafuta umechomekwa mdomoni na kuzibwa kwa kitambaa. Shemeji alimtazama kwa masikitiko. Mimi nilipewa kazi ya kukaa karibu na tangi na kukishika kile kipira cheusi cha kusukumia mafuta, ambacho mtu hukiminya mpaka kikaze. Na mzee mmoja, nahodha wa zamani, alipanda kuwa shahidi, akiwa na upondo wake, ambao hakuna aliyemwagiza auchukue.

Tuliondoka kwa kishindo kizuri. Omo ikanyanyuka, watu wa ufukoni wakapiga vigelegele, na petroli yote ikamiminikia tezi, mbali na mdomo ulioingojea mbele. Mashine ikakohoa. Shemeji akapunguza mwendo, omo ikashuka, mafuta yakarejea, mashine ikanguruma tena; naye, badala ya kupokea onyo, akakaza upya. Hapo ndipo nilipohisi kipira kinanywea kiganjani mwangu. Nilikiminya, kikabaki kimeminyika, ngozi imegusana na ngozi, hakivuti wala hakirudi. Kisha tangi likalia "ko!" na ubavu wake mmoja ukaingia ndani, likalia mara ya pili, na ubavu wa pili ukaufuata wa kwanza. Mashine ilikuwa imeyavuta mafuta pasipo hewa ya kushika mahali pake, na lile bati, kwa kukosa pa kupumulia, likajikunja.

"Fungua kifuniko!" mzee akasema. Nilifungua. Tangi likavuta pumzi ndefu kwa sauti ya kusikitisha, mashine ikawaka, tukaenda mwendo wa kutosha kumpa shemeji matumaini, kisha ikazima moja kwa moja. Chujio lilipofunguliwa lilikutwa limejaa chembechembe za rangi ya njano: godoro la wageni lilikuwa limevimba kwa petroli, likalainika, likaanza safari yake kuelekea kabureta.

Mzee akatazama omo, akatazama tezi, akatazama mafuta yaliyokwisha kumwagika chini ya miguu yetu. "Hata uende tezi na omo," akasema, "marejeo ni ngamani." Akatwaa upondo, akatupeleka pwani taratibu, tukipishana na dumu la manjano lililokuwa linarudi kutoka jahazini, na yule mtoto aliyelipakata akatupungia mkono kwa adabu.

Hukumu yangu ni kwamba tangi la plastiki la kiwandani, lile lenye skurubu ya pumzi kifunikoni, linamtosha kila mwenye mashua, na asiyeliweza atosheke na dumu na mdogo wake. Letu liko uani, nusu limekunjika, kuku wanatagia juu yake. Mwenye kulihitaji na aje Palma, bei tutasikilizana. Ila aje asubuhi na aondoke jioni, kwa maana mgeni hana pa kulala.