Kasuku Sedi na Daftari la Fisi

Kasuku Sedi, ambaye wanadamu humjua kama programu ya kuhariri maandishi iitwayo sed, alilelewa Bell Labs, Marekani, na Lee McMahon katika miaka ya 1970, kisha akaja kuwa karani wa daftari la soko la wanyama. Ukimwambia tafuta hiki, weka kile, alimaliza kurasa zote kabla hujameza mate.

Fisi akapandisha bei ya chumvi. "Karani, kila penye 1.50 weka 2.00." Jioni Punda akaja analia: ujira wake wa shilingi 1750 ulisomeka 2.00. Kwa Sedi, nukta ndani ya "tafuta" ni alama yoyote ile moja, na 7 ni alama.

Fisi hakukoma. Akataka Duka la Fisi liitwe Fisi & Wanawe. Asubuhi kibao kikasomeka: Fisi Duka la Fisi Wanawe. Upande wa "weka", alama ile iliyo kati ya Fisi na Wanawe humwambia Sedi arudishe chote alichokipata.

Barazani Fisi akadai kasuku anyonyolewe. Mzee Kobe akasimama. "Mfalme, karani katii neno kwa neno. Fisi ndiye aliyechanganya jina na amri, asiweke mpaka."

Akachora mchangani, mkwaju ukilalia nyuma: 1\.50, kisha Fisi \& Wanawe. Alama hizo zikitanguliwa na mkwaju huo, Sedi huziandika au kuzitafuta kama zilivyo.

Sungura akafurahi, akaenda kupachika mikwaju kila mahali, hata kwenye mabano ya (Asali). Mambo yakazidi kuharibika, kwani kwa Sedi mabano ya duara ni maandishi tu hadi yapewe mkwaju. Hapo ndipo yanapopata mamlaka. Haraka hiyo ya Sungura naiona mbaya kuliko uzembe wa Fisi, maana ilijidai ni ulinzi.

Kobe akamketisha. "Mwanangu, kila upande una alama zake. Kwenye kutafuta, chunga alama kama nukta, nyota na mabano ya mraba. Kwenye kuweka, nukta haina neno; chunga &. Mkwaju wenyewe, na mstari unaotenganisha pande mbili, huchungwa kote, tena uanze na mkwaju, la sivyo utaikinga mikwaju uliyoiweka mwenyewe sasa hivi."

Simba akaamuru Fisi amlipe Punda 1750 zake taslimu. Tangu hapo jina lolote aletalo mteja hupitia kwa Kobe kwanza, ndipo limfikie karani.