Mbwa wa Jirani na Maji ya Konza

Husimuliwa katika hadithi za Mtume, na Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea habari hii, kwamba mtu mmoja aliyekuwa safarini alishikwa na kiu kali, akateremka kisimani akanywa, na alipopanda juu akamkuta mbwa anahema, ulimi nje, akila udongo wa majimaji kwa jinsi kiu ilivyomzidi. Basi akarudi chini, akakijaza maji kiatu chake cha ngozi, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kumpandisha, akamnywesha yule mnyama, na Mola akamkubalia jambo hilo akamsamehe dhambi zake. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, chuoni Mombasa, na kila mara imenilainisha moyo. Lakini ilinibidi nihamie Konza ndipo nitambue kwamba mtu yule alikuwa na bahati mbili ambazo wasimulizi hawazikazii. Ya kwanza, alikuwa na kisima. Ya pili, mbwa yule hakuwa na mwenyewe.

Konza, kwa asiyeijua, ni mahali ambapo reli kuukuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi huzaa tawi lake la Magadi, katika uwanda mpana wa nyasi kavu ambao upepo huuvuka bila ya kupiga hodi, na ambapo Machakos, Makueni na Kajiado zimesogeleana hata wakubwa wa kaunti hizo wakagombania mpaka. Kando yetu Serikali imekusudia mji wa tekinolojia wa eka 5,000, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindulia ujenzi mwezi wa Januari 2013, na ambao twaambiwa utakuwa na akili zake wenyewe. Mimi sina inda na mji wenye akili. Ila mtaani kwetu maji huja kwa mkokoteni wa punda, ndani ya mitungi ya plastiki ya lita 20, na mwenye kuamua yafike asubuhi au alasiri ni yule punda.

Jirani yangu ni mzee wa Kikamba, mpole wa kauli na mwingi wa staha, ambaye huniita Ustadhi kwa sababu ya kofia yangu tu, maana elimu ya kustahili jina hilo hajapata kuiona kwangu wala kuiuliza. Mzee huyu ana mbwa aitwaye Simba. Nakiri kwamba nchi hii yalijua jina hilo kwa kheri na kwa shari: mwaka 1900, katika stesheni ya Kima iliyo kwenye reli hii hii yetu, simba wa kweli aliingia usiku ndani ya behewa akamtoa dirishani afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall, akaenda zake naye. Simba wa jirani yangu hakuwa na uwezo wa kumtoa dirishani hata panya. Alikuwa amefungwa kwenye shina la mgunga kwa mnyororo wa kutu usiotimiza pima moja, mbavu zahesabika kutoka barabarani, ncha za masikio zimeliwa na nzi mpaka zikawa malengelenge, na mbele yake sufuria iliyotoboka ambayo, hata mtu angeitia maji kwa nia njema, yangekwisha kabla ya mbwa kuinua kichwa.

Msomaji asimdhanie jirani ukatili. Nyumba yake ina wajukuu, ina mbuzi, ina miche ya maembe ambayo mkewe huinywesha maji yaliyooshea vyombo, na katika daftari la kila mtungi wa maji jina la Simba huja mwisho, baada ya maembe. Fauka ya hayo mzee alikuwa na hoja. "Ustadhi," aliniambia siku nilipogusia habari hiyo kwa mzunguko mrefu, tukianzia mvua za vuli na kupitia bei ya mahindi, "mbwa akishiba hulala. Na akilala, mimi nitaamshwa na nani?" Ningaliweza kumtajia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ambayo humhesabu mkosaji kila amnyimaye mnyama wake chakula au maji bila ya udhuru, lakini mtu ambaye huletewa mbaazi mbichi na mke wa mshitakiwa msimu hata msimu hana uso wa kufungua kitabu cha sheria juu ya ua. Nikasema kheri, mzee, nikaenda zangu. Na jua lilipotua nikarudi na bakuli.

Simba alikunywa maji yale kwa pumzi moja, akalilamba bakuli, akalisukuma kwa pua mpaka likagonga mti, kisha, maadamu hakuna tena cha kunywa na shukurani zilikuwa zimemjaa, akanigeukia mimi. Alinilamba kiganja, akanilamba kifundo, akainuka kwa miguu miwili akaipitia kanzu yangu kutoka kifuani mpaka pindoni kwa bidii ambayo dobi wa kulipwa hana. Sasa sisi watu wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafi, mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, na kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Udongo Konza haujapata kuadimika. Hayo maji mengine ndiyo yaliyomfanya mke wangu asimame mlangoni, mikono kiunoni, akihesabu kwa sauti kila kata niliyochota, na nilipofika ya tano akaniambia, "Bwana, kesho watoto waoge kwa thawabu zako?" Usiku ule niliwaonea kijicho Wamaliki, ambao Imamu wao hakumhesabu mbwa kuwa najisi; lakini mtu habadili madhehebu kwa sababu ya bei ya maji.

Kuanzia hapo nikawa na vazi la mbwa: shati kuukuu na suruali iliyokwisha heshima, vilivyotundikwa msumarini nyuma ya choo, navyo nilivivaa kila magharibi kama mwizi avaavyo nguo za kazi. Ugali wa jana na mchuzi wa dagaa ulimrudishia Simba mnofu, na mnofu ukamrudishia sauti. Lakini kadiri mwili ulivyojengeka ndivyo wapangaji wake walivyodhihirika. Masikioni mwake kupe walikuwa wamepangana, wa kijivu, wamevimba kama mbegu za mbarika, na mkubwa wao nilipombinya kwa kibanio alinipasukia damu usoni. Hapo nikamwendea muuza dawa za mifugo, akanipa kichupa cha dawa ya kuogeshea na kunionya kwamba ni ya nje ya mwili tu na ya mnyama tu. Maneno ambayo niliyakumbuka baadaye kwa uchungu.

Safari hii niliomba ruhusa, na mzee akaitoa kwa furaha, akaketi kwenye kigoda akitazama. Nikaichanganya dawa katika ndoo kwa kipimo, nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikammwagia Simba tangu shingoni hata mkiani nikimsugua kwa tambara, naye akatulia kwa utulivu uliomshangaza kila mtu, wajukuu wakapiga makofi. Lililonipita, na lililowapita wote waliokuwapo, ni kwamba mbwa aliyeloa ana wajibu mmoja tu duniani. Simba aliupanga mwili, akaanza kwa kichwa, tikiso likashuka mabegani, likapita kiunoni, likatokea mkiani, na ndani ya nukta hiyo dawa ilinifikia mimi, ikamfikia mzee juu ya kigoda, ikafikia shuka tatu kambani, na ikaufikia mkeka ambao juu yake mama mwenye nyumba alikuwa ameanika mbaazi zake kavu za kuuza Machakos. Akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakunitukana, watu wa pale wana adabu. Aliziangalia mbaazi, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ustadhi, kilo ni ngapi hizi?" Nikazilipa zote kwa bei ya soko, zikafukiwa shimoni asije mtu akazila, na siku ile kila kilichokuwa na kupe kilipona ila mfuko wangu. Katika zahama hiyo Simba aliruka, na ule mnyororo, ambao kutu yake ilikuwa ikingojea kisingizio, ukakatika.

Hakufungwa tena. Wahenga walisema mcheza na mbwa huingia naye msikitini, nami nilikuwa nikidhani wanatia chumvi. Msikiti wetu hapa si msikiti, ni chumba cha nyuma ya duka ambacho Waislamu wachache tumekitandika majamvi. Na Ijumaa moja, imamu akiwa juu ya hotuba, niliona watu wa safu ya nyuma wanageuza shingo mmoja mmoja. Simba alikuwa kizingitini. Hakuingia, nashuhudia mbele ya Mola kwamba hakuingia. Alikaa nje kwa taadhima, akaisikiliza hotuba yote, na tulipokuwa katika sijida ya mwisho akachagua katika viatu vyote kubadhi moja la ngozi, la mguu wa kulia, ambalo imamu aliletewa kutoka Lamu, akalipeleka mbio mpaka kwangu akaliweka mlangoni kwa mke wangu, hidaya. Imamu alikuja akiruka kwa mguu mmoja juu ya changarawe iliyochomwa na jua la adhuhuri. Niliosha lile kubadhi mara saba mbele yake, yeye akihesabu, mke wangu akihesabu, na mwenye mkokoteni wa maji, aliyekuwa akipita, akasimamisha punda bila ya kuitwa.

Ndipo jirani akaja na mashitaka yake. Yalikuwa mawili, na yote mawili ya haki. Kwanza, nyumba yake sasa haina mlinzi, kwa kuwa mlinzi amehamia zamu kwangu. Pili, na hili lilimwuma zaidi, usiku alipokuwa akirudi kutoka harusini, Simba alimpokea njiani kwa meno wazi, akamzuia nje ya lango lake mwenyewe mpaka mimi nikatoka na taa kumtambulisha. "Mbwa niliyemlea tangu macho hayajafumbuka," akasema, "ananiuliza mimi ni nani." Nilimwomba radhi kwa niaba ya mbwa. Tukajadiliana mpaka chai ikapoa, na tulilokubaliana kwanza ni kwamba, kwa kuwa meno hayo sasa yana nguvu, lazima achanjwe.

Katika hilo hatukuwa na mzaha. Kichaa cha mbwa kikikwisha kuonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila kimshikaye. Na tangu Louis Pasteur asimamie kudungwa chanjo kwa kijana Joseph Meister mwaka 1885, mtu aliyeumwa huokolewa tu iwapo atawahi hospitali kabla ya dalili hizo, baada ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 za maji yanayotiririka, hapa Konza! Ni nafuu kumchanja mbwa. Serikali ya Kenya nayo ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa maradhi hayo ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Nasi tukaona si vyema Simba abaki katika wale 30.

Daktari wa mifugo akaja kwa pikipiki, akafungua kisanduku chake cha barafu, akamdunga Simba begani kabla hajajua kuna jambo, kisha akatoa kalamu akauliza mwenye mbwa ni nani. Mzee alinitazama mimi, nami nikamtazama mzee, kila mmoja akimpa mwenziwe heshima ya kutangulia, mpaka daktari akasema kwamba kuna ada ya kulipwa, na mzee akakumbuka kuwa ana mbuzi hajamfungulia. Alirudi ada ilipokwisha kulipwa, akasoma cheti juu ya bega la daktari, akasema kwa upole kwamba jina lililoandikwa si la mwenye mbwa. Likafutwa. Cheti sasa kina jina la jirani, fedha nimetoa mimi, na Simba analala barazani kwangu akimbwekea mwenyewe kila apitapo.